Saa Kumi na Moja

Kitu cha kwanza alichokiona Ummi katika uwanja wa ndege wa Johannesburg kilikuwa kidogo sana. Msichana wa usafi alimgonga mzee mmoja wa Kizungu mguuni kwa kigari chake, akasema "sorry" kwa sauti, kisha akainamisha kichwa na kujinong'onea, "Mama yangu weee."

Ummi aliinua macho. Tangu ashuke kwenye ndege ya alfajiri kutoka Dar es Salaam, hayo yalikuwa maneno ya kwanza aliyoyaelewa.

Alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango ambao namba yake aliandikiwa kwenye karatasi, mkoba mapajani, khanga mabegani juu ya sweta jembamba. Ndege yake ya kwenda Windhoek ilikuwa iondoke saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Saa tatu na nusu mwanamke mwenye sare alisema jambo refu kwenye kipaza sauti. Abiria waliguna, wakapanga foleni, wakapewa vikaratasi vya chai na kutawanyika. Ummi alisimama nao, akafika nusu ya foleni, kisha akaona haya kupokea kitu asichojua ni cha nini, akarudi kukaa. Aliishia darasa la tano huko Muheza. Kiingereza alichotoka nacho ni kile cha kumwamkia mwalimu.

Msichana wa usafi alipita mara tatu kabla Ummi hajapata moyo wa kumwita.

"Samahani, dada. Naomba kukuuliza."

Yule msichana alisimama kama aliyekamatwa. Beji yake ilikuwa na jina refu, Héritière, ambalo kazini walishalikata likabaki Eri. Alikuwa na miaka ishirini. Aliletwa Afrika Kusini kutoka Uvira, Kongo, akiwa wa miaka miwili, na Kiswahili alichokuwa nacho kilikuwa cha nyumbani, cha kuitwa, kutumwa na kukaripiwa. Wazazi wake walimsemesha Kiswahili, naye akawajibu kwa Kiingereza. Hakukumbuka lini mtu wa nje alimwomba kitu kwa lugha hiyo.

Alifurahi mno. Aliacha kigari, akaenda kumuuliza mwanamke mwenye sare, akarudi nusura akimbie.

"Ndege imechelewa. Itaenda saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja?"

"Ee, saa kumi na moja. Usiogope, yaya."

Ummi alimshukuru mara mbili. Alijua Wakongo humwita hivyo dada mkubwa, na neno hilo lilimtuliza kuliko chai. Saa kumi na moja jioni ilikuwa mbali, lakini ahadi yake ya Windhoek ilikuwa kesho asubuhi, kwa hiyo hata akifika usiku hakuna kitakachoharibika. Héritière alimwonyesha chumba cha kuswalia wanawake. Ummi alitia udhu, akaswali rakaa mbili za kushukuru kwamba Mungu amemletea mtu, akalala juu ya zulia na mkoba chini ya kichwa. Katikati ya usingizi alisikia kipaza sauti kikimwita mtu, Yumai Shikindo, tena na tena. Alimhurumia huyo Yumai ambaye hasikii akiitwa. Hakujua kwamba ndivyo watu wa pale wanavyolisoma jina la Ummi Shekiondo.

*

Saa kumi kasoro alikuwa amerudi kwenye kiti chake kilekile. Abiria waliokaa hapo sasa walikuwa wengine, lakini hakuona ajabu, maana alidhani wale wa asubuhi bado wanatembea.

Héritière alipita akienda nyumbani, koti limefungwa hadi shingoni. Mwezi wa sita Johannesburg ni baridi. Alimwona Ummi, akasimama.

"Weye? Ungali hapa?"

"Bado saa nzima, dada," Ummi alisema akitabasamu. "Sasa ndiyo saa kumi."

Héritière aliitazama saa kubwa iliyoning'inia darini, kisha akamtazama Ummi. Akamuuliza saa kumi iko wapi. Ummi alinyoosha kidole, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mtoto: mkono mfupi uko kwenye nne, mrefu uko juu, hiyo si saa kumi?

"Hiyo ni saa ine," Héritière alisema polepole.

Ndipo wote wawili walipoelewa kwa pamoja. Kwa Ummi, saa huhesabiwa kuanzia jua linapochomoza, na kwa wazazi wa Héritière ni hivyohivyo. Lakini Héritière alijifunza saa shuleni, kwa Kiingereza, na asubuhi ile alichukua "eleven" akaigeuza ilivyo ikawa kumi na moja. Miaka yote hakuna aliyeligundua kosa hilo nyumbani, kwa sababu miaka yote hakuna aliyemsikia akitaja saa kwa Kiswahili. Ndege ilikuwa imeondoka saa tano asubuhi, saa tano zilizopita.

Héritière alikaa chini sakafuni, palepale alipokuwa amedeki mwenyewe. Ummi hakumlaumu. Alifungua mkoba, akatoa barua iliyokunjwa mara nne, akampa asome.

Barua ilitoka ofisi ya ustawi wa jamii, Windhoek. Tabia, dada yake Ummi, alikuwa msusi huko, na alifariki mwezi uliopita. Mtoto wake Masika, wa miaka mitatu, hakuwa na baba anayejulikana, na alikuwa anakaa kwa jirani. Ndugu wa marehemu afike Ijumaa, saa tatu asubuhi. Asipofika, mtoto atapelekwa kwenye makao ya watoto katika mji mwingine, na shauri litaanza upya mahakamani.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Kwenye kaunta ya shirika la ndege, Héritière alieleza kwa Kizulu, kwa mikono, kwa vidole kumi na kimoja cha kuazima. Mwanamke wa kaunta alisikiliza, akamtazama Ummi, akaangua kicheko. Aliwaita wenzake wawili, akawasimulia, nao wakacheka. Mmoja alimuuliza Ummi kwa Kiingereza sasa ni saa ngapi, na Ummi, ambaye alielewa neno moja tu, "time", alijibu "kumi", wakacheka tena. Alisimama na khanga yake, akitazama viatu vyake. Lakini mwanamke yule alipopangusa machozi ya kicheko, aligonga kompyuta yake, akasema amekaa kaunta hiyo miaka tisa na hajasikia sababu kama hii, akampa nafasi kwenye ndege ya kesho saa tano bila kumtoza kitu. Ummi alimshukuru kwa kupiga goti kidogo. Yule mwanamke akaacha kucheka, akatoka nyuma ya kaunta na kumshika mkono.

Héritière alipiga simu Windhoek hapohapo. Iliita mpaka ikakatika. Alipiga mara sita.

*

Familia ya Héritière ilipanga vyumba viwili Kensington, nyuma ya duka la kushonea. Kimoja walilala, kingine mama yake, Agnès, alisuka nywele. Agnès alipomwona binti yake ameingia na mgeni mwenye hijabu aliyekuwa akitetemeka kwa baridi, hakuuliza. Alitungua koti lake mwenyewe msumarini, akamvika.

"Shikamoo mama," Ummi alisema.

"Aksanti," alijibu Agnès, ambaye kwao hakuna salamu hiyo.

Alipokwisha kuelezwa, alikaa kwenye kiti cha wateja na kujifunika uso kwa taulo. Kisha aliinuka, akaenda kwenye jiko. Kulikuwa na kuku anachemka. Aliitazama hijabu ya Ummi, akaondoa sufuria, akaisugua nyingine kwa mchanga na sabuni na kubandika maharage. Kuku yule walikuwa wamemnunua kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya baba. Ummi aliona yote kwa pembe ya jicho na hakupata namna ya kusema asiondoe, wala namna ya kushukuru.

Baba, Alexis, alikuwa mlinzi wa usiku katika jengo moja Hillbrow. Alitoka chumbani amevaa sare, tayari kwenda kazini. Yeye aliwahi kuishi Kigoma, kwa hiyo shikamoo aliijua, na aliitikia "marahaba" kwa sauti kubwa ili mkewe asikie. Kisha akasikia habari.

"Tulilipa shule," alimwambia binti yake. "Tulilipa viatu ya shule, tai ya shule. Ni hii umeleta? Ndege iko inaenda bila mutu wake?"

Héritière alijibu kitu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini.

"Sema na Kiswahili. Leo utasema na Kiswahili mpaka ulimi iume."

"Nimesema pole, Papa."

"Usiniambie miye. Miye sikukosa ndege."

Ummi, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya mwanamume mkubwa asipoulizwa, aliomba asigombezwe. Alisema binti yao ni mtu pekee katika uwanja mzima aliyesimama alipoitwa. Alisema hayo akitazama meza. Alexis alivaa kofia, kisha akasema Kiswahili ya huyu mama ni kama ya redio, mtu anaweza kulala usingizi akiisikiliza. Agnès akacheka, na nyumba ikapumua.

Kabla ya kutoka Alexis alipanga kesho kama mtu anayepanga zamu. Ataazima gari la mwenzake wa kanisani. Ofisi ya Windhoek inafunguliwa saa mbili. Saa mbili hiyohiyo simu ipigwe. Saa tatu mgeni awe uwanjani. Alimsimamisha Héritière mbele ya saa ya ukutani na kumtajisha zote tatu, akionyesha kwa kidole, huku mama yake akitikisa mwiko kila akikosea.

"Eish, Papa. Nimeelewa."

"Hata ile ndege ulielewa."

Walikula maharage na ugali. Kuku alikaa kwenye sufuria yake mpaka Alexis akaondoka, na hata baada ya hapo hakuna aliyemgusa. Agnès aliona aibu kwa ajili ya pazia la plastiki lililokata chumba, kwa ajili ya nywele za wateja zilizobaki kwenye pembe za sakafu, na zaidi kwa ajili ya lugha yake. Alisema Kiswahili yao ya Uvira imevunjika, asicheke. Ummi alimwambia ukweli, kwamba tangu alfajiri hajasikia kitu kizuri kuliko hicho.

Héritière alimpa Ummi kitanda chake. Alitandika blanketi chini, lakini hakulala. Alikaa akimuuliza habari za mtoto. Ummi alisema hamjui. Alizaliwa huko, alimwona kwenye picha za simu tu. Hajui Kiswahili, jirani anamsemesha Kiingereza na lugha nyingine. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kama Héritière anaweza kumfundisha mawili matatu ya kumwambia.

Walianza na "come". Halafu "are you hungry". Halafu "I am your aunty". Ummi aliyarudia hadi midomo ikachoka. "Hungry" ilimshinda, ikawa inatoka "angiri", na Héritière alicheka akajiziba mdomo, kisha akakumbuka wale wa kaunta na kuacha.

"Cheka tu," Ummi alisema. "Wewe si wale."

Agnès alisikia kutoka upande wa pili wa pazia. "Miaka tatu?" aliuliza. "Umubebe mugongoni. Ataelewa mugongo mbele ya maneno. Huyu hapa nilimubeba namna hiyo toka Uvira, hakuniuliza kitu."

Héritière akasema, kwa Kiswahili, "Aksanti, Mama." Agnès hakuwa na mazoea ya kujibu neno hilo kutoka kwake.

*

Asubuhi Alexis alirudi na gari kabla ya saa moja na nusu, macho mekundu, akalitazama jua kama anayelihakiki. Agnès alikuwa amemfungia Ummi mikate na mayai ya kuchemsha, na blanketi dogo la pinki lenye sungura ambalo mteja mmoja aliliacha na hakulirudia. Ni ya mtoto, alisema. Windhoek nayo ni baridi.

Saa mbili kamili Héritière aliweka simu juu ya meza ya kusukia, katikati ya vitana, ikaita kwa sauti ya nje. Safari hii ilipokelewa.

Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyeanza siku akiwa ameshachoka. Héritière alijieleza. Alisema Kiingereza kizuri, cha haraka, na wazazi wake walimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanaona ada ilienda wapi. Mara kwa mara alisimama na kumgeuzia Ummi maneno.

Afisa hakufurahi. Alisema huyu si ndugu wa kwanza mwaka huu kupiga simu siku yenyewe na kusema amekosa ndege. Wawili kabla yake walisema hivyohivyo, na watoto wao mpaka leo wako kwenye makao. Héritière alisema kosa si la Ummi, ni lake yeye, na akaanza kueleza mambo ya saa. Alieleza vibaya, kwa kigugumizi, kwa aibu. Afisa alimkatiza, akauliza ni Kiswahili hicho wanachosema. Akasema kwao pia kuna namna zao za kutaja wakati ambazo ofisi haizijui. Zilisikika karatasi zikifunuliwa.

Atamsubiri Ummi mpaka saa tisa mchana. Si zaidi, Ijumaa ofisi inafungwa mapema. Héritière aliweka mkono juu ya simu na kumwonyesha Ummi saa ya ukutani, akigusa kioo: "Saa tisa. Mukono mufupi hapa, kwa tatu. Umeona? Kwa tatu." Ummi aliitikia. Agnès alimshukuru Yesu, Alexis akachukua funguo za gari.

Lakini afisa hakuwa amemaliza. Kwenye fomu kulikuwa na mstari mmoja wa sababu ya kumwomba mtoto, alisema, na jibu lililoandikwa pale kwa simu kutoka Muheza lilikuwa "uamuzi wa familia". Hilo hakimu hatalipokea. Alitaka jibu la mwombaji mwenyewe, sasa hivi, kwa mdomo wake, hata kama ni kwa lugha yake, ajue kama kuna sababu ya yeye kukaa ofisini mpaka saa tisa.

Héritière alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia Ummi. Mtu mwenye Kiswahili kingi angezunguka. Angeanza na pole ya msiba, angeuliza nyumbani wamelionaje jambo hili, wazee wamesemaje. Yeye hakuwa na maneno ya kuzungukia.

"Anauliza, weye unamutaka mutoto? Ao walikutuma tu?"

"Héri," Agnès alisema, ameshtuka. "Haiulizwake vile. Uliza kama jamaa imekubali."

"Hapana, Mama. Haulizi jamaa. Anauliza yeye."

Ummi alikuwa amesimama na blanketi la sungura mkononi. Huko Muheza kaka yake ndiye aliyesema, mbele ya watu kumi na mbili, kwamba Ummi aende, maana hana mume wala kazi, hana cha kumzuia. Wote waliona ni sawa. Mama yake alilia, wajomba wakashukuru Mungu, mtu akatoa nauli. Hakuna aliyemgeukia. Naye alinyamaza, kama alivyonyamaza alipotolewa shule, na kunyamaza kwake kukahesabiwa kuwa ni ndiyo. Hakuna aliyejua kwamba kila usiku tangu mazishi alikuwa akiifungua picha ya Masika kwenye simu, akiikuza mpaka uso unajaa kioo, na kuificha mtu akipita, kwa sababu alidhani kumtaka mtoto wa marehemu ni sawa na kufurahia msiba.

Watu watatu aliokuwa hawajui jana alfajiri walikuwa wakimtazama. Alexis alikuwa amevua kofia. Kwenye simu, afisa alisubiri, wala hakuharakisha.

Ummi alisogea mezani. Hakumwambia Héritière. Aliinamia simu yenyewe, karibu sana, vitana vikamgusa kidevuni, akasema kwa Kiswahili:

"Namtaka. Hata wasingenituma, namtaka mimi."